Moto wa Injinia Gasper

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyaomba, nawatangazia wasomaji wote wa Kibondo, Kasulu, na vijiji vyote ambako gazeti hili hufika likiwa limeshafungiwa vitumbua: ukumbi wa shule yetu haukuungua.

Natangaza kwa masikitiko. Ukumbi ule ulistahili.

Wiki iliyopita nilimwacha Injinia Gasper ameingiza mkono kwenye amplifaya ya shule mpaka kiwiko, akipiga yowe la neno moja: "Moto!" Najua mmeteseka siku saba. Mama mmoja wa Gwarama alituma ujumbe kuuliza kama nimepona. Nimepona, mama. Hakukuwa na moto wa kuunguza hata unyoya wa kuku.

Fundi umeme akisema moto, ana maana ya umeme. Waya wa moto ni waya wenye umeme, basi. Lakini shule yetu imejaa Waha, na kwa Kiha umuliro ni umuliro, uwe wa kwenye mafiga au wa kwenye waya. Ukiitwa kwa sauti ile, hakuna anayebaki kuuliza ni upi.

Wanafunzi mia tatu waliokuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo za mahafali walitoka kwa milango miwili na madirisha manane. Kiranja mkuu, William, ambaye wiki nzima alitufundisha kutembea kwa heshima mbele ya mgeni rasmi, alipita dirishani akitanguliza kichwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Sylvesta, aliyekuwa jukwaani akijisomea hotuba yake, aliwapita wote. Sikujua kwamba tumbo lile lina mbio.

Na Injinia Gasper mwenyewe? Alikimbia. Alipoona watu wote wanakimbia, akadhani kweli kuna moto.

Aliyebaki ni mimi. Naomba mlishike hilo. Mimi, Abdalah wa kidato cha tatu, nilibaki peke yangu ukumbini, nimepiga magoti nyuma ya amplifaya, nikiilinda mali ya umma. Ushujaa wa namna hii haufundishwi darasani.

Nilikuwa bado katika ushujaa huo Mkuu aliporudi na ndoo nyekundu ya mchanga. Ndoo zile zimening'inia ukutani tangu shule ijengwe, zimeandikwa MOTO kwa herufi kubwa, na mlinzi huzimia sigara zake humo. Mkuu hakuuliza. Alimimina ndoo nzima: nusu juu ya amplifaya iliyofunuliwa tumbo, nusu juu ya kichwa changu.

"Uko wapi?" akahema.

"Nini, Mkuu?"

"Moto!"

Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Nikatema kichungi cha sigara.

"Nadhani umekuogopa, Mkuu."

*

Walirudi mmoja mmoja, kila mtu akieleza kwamba alikwenda kutafuta maji.

Injinia Gasper aliingia mwisho, akipuliza kidole chake cha shahada. Kwa wale walionunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, huyu ni fundi tuliyeletewa kutoka Kasulu. Neno Injinia amejipachika mwenyewe, kama mimi na mamlaka yangu. Ana miwani ya jua, ana kalamu nne mfukoni, na mgonjwa wake humpima kwa pua. Huinama, hunusa, hufumba macho, kisha hutoa hukumu ileile aliyoitoa kwa redio ya paroko, kwa friji ya hospitali na kwa saa ya ukutani ya bwana kilimo: "Imeungua."

"Nilimaanisha moto wa umeme," alisema. "Mtu msomi angeelewa."

"Lakini ulisema umeme haufiki," alijibu Mwalimu Asnath, anayetufundisha fizikia. Serikali ilimtoa Mwanza ikamleta Kibondo, na mpaka leo anasubiri serikali hiyohiyo ije kumchukua. "Umepima ukasema volti sifuri. Sasa sifuri imekupigaje?"

Gasper akavua miwani. Akaivaa tena.

"Mwalimu, umeme una siri zake."

"Na wewe je?"

Mkuu alikohoa. Alitazama saa. Saa tatu na dakika ishirini. Ilikuwa Ijumaa, mahafali ni kesho, na gari la Kasulu huondoka stendi saa nne.

Gari hilo ndilo jambo lenyewe. Chini ya jukwaa palikuwa na tranka la bati la kijani limefungwa kamba ya katani, na juu ya tranka ameketi mwenye nalo: Pelagia Ntirampeba, kidato cha tatu, mtunza vyombo wa shule. Jumatano jioni alikuwa mtu wa mwisho kuizima amplifaya. Alhamisi asubuhi haikuwaka. Kwa hesabu za Mkuu, mbili na mbili ni kufukuzwa shule. Barua ilikuwa mezani imeshapigwa chapa, bado jina tu kuandikwa kwa mkono, na Mkuu alikuwa ameshika kalamu yake ya kijani. Kwa wasiojua, wino wa kijani ni wa mkuu wa shule peke yake. Mwalimu akiutumia ni utovu wa nidhamu. Mwanafunzi akiutumia ni mapinduzi.

"Injinia," alisema Mkuu, "nipe ripoti niandike. Imeungua?"

"Imeungua. Transfoma imekwisha, na zile za ndani ndogondogo zote zimefuata. Huyu binti amechomeka chaja za simu za wenzake humu. Harufu inasema."

"Harufu inasema chaja?" aliuliza Pelagia kutoka kwenye tranka.

"Nyamaza wewe."

"Ilikuambia za aina gani?"

Wanafunzi wakacheka. Gasper akageuka taratibu, akamtazama kuanzia soksi.

"Mjomba wako si yule Tharsisi mwenye kibanda sokoni Kasulu? Yule wa redio za kambi ya wakimbizi? Basi, Mkuu, umepata jibu. Hawa watu wa kambini wakigusa kitu, kinarudi chuma chakavu."

Pelagia alisimama. Ni msichana mwembamba, hana haraka, na dharau yake imenyooka kama rula.

"Sisi nyumbani tuna vyeti vya uraia," alisema. "Sita, vimepangwa ukutani kwenye fremu. Cha kwako cha ufundi kiko wapi?"

Nawaapia, hata jenereta nje ilipunguza sauti.

Pelagia hakungoja jibu. Alipanda jukwaani akaonesha mita iliyokuwa imelala mezani, ile ya njano ya Gasper, yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Injinia, mita yako umeiweka wapi?"

"Mezani. Huoni?"

"Nauliza hii swichi yake ya kuzungusha. Umeielekeza wapi?"

"Kwenye volti."

"Volti za nini?"

"Volti ni volti, binti."

Mwalimu Asnath alisogea, akainama, akaitazama ile swichi. Alipoinua uso alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Mkuu," alisema, "ameiweka kwenye umeme wa betri."

"Kwa hiyo?"

"Mita ina upande wa betri na upande wa jenereta. Ukipima umeme wa jenereta kwa upande wa betri, inakuambia sifuri. Alisoma sifuri akaamini waya umekufa, akaushika kwa kidole."

"Redio ya paroko pia ulipima hivi?" aliuliza William, ambaye bado alikuwa na jani la mchongoma kichwani.

"Redio ya paroko iliungua!" alifoka Gasper.

"Baada ya wewe kuondoka," alisema Pelagia. "Mkuu, nipe dakika kumi. Nikishindwa, tranka liko tayari, nitalibeba mwenyewe."

Hapo, msomaji, nilifanya kitu ambacho hukukitegemea kwangu. Nilinyoosha mkono.

"Mkuu, kwa heshima zote, naona tusimwingilie mtaalamu. Injinia ametoka mbali. Tena amplifaya imejaa mchanga, ni hatari kwa mtoto wa kike."

Pelagia alinitazama. Mimi na Gasper tulikuwa maadui tangu afike, na wiki nne za gazeti hili ni shahidi. Nilikuwa nimemwita pua yenye miguu.

"Tangu lini, Abdalah?" aliuliza.

Nikasema ni huruma tu.

"Dakika kumi," alisema Mkuu. Si kwamba alimwamini. Alikuwa na hotuba ya kurasa thelathini na moja, na bila spika ingewafikia safu ya kwanza tu.

*

Pelagia alipuliza mchanga kwa pampu ya baiskeli. Kisha akaweka mkono wake wa kushoto mgongoni, akaushikilia kwenye mshipi wa sketi.

"Huo mkono umeumia?" aliuliza Mkuu.

"Hapana, Mkuu. Mjomba anasema ukipima kwenye moto, mkono mmoja uwe likizo. Umeme ukikosa mkono wa pili wa kutokea, hauupiti moyo."

Gasper aliutazama mkono wake wa kushoto, ambao haujawahi kupata likizo.

Pelagia alizungusha swichi ya mita upande wa jenereta. Akaubana waya mweusi kwa koleo ndogo ya plastiki upande mmoja wa plagi, na ule mwekundu akaushika kwa mkono wa kulia.

"Kwenye plagi. Mwalimu, soma."

"Mia mbili ishirini na nane," alisoma Mwalimu Asnath.

"Jenereta ni nzima, na waya wa ukutani ni mzima. Sasa hapa kwenye swichi."

"Mia mbili ishirini na nane."

"Sasa waya unaoingia kwenye fyuzi."

"Mia mbili ishirini na nane."

"Unaotoka kwenye fyuzi."

Mwalimu Asnath alisogeza uso. "Sifuri."

"Sifuri kweli au sifuri ya Injinia?" iliuliza sauti kutoka nyuma. Haikuwa yangu. Mimi nilikuwa nimeanza kutokwa jasho, na mchanga wa kichwani ulikuwa unageuka tope.

"Sifuri kweli," alisema Pelagia. "Umeme unaingia kwenye fyuzi hautoki. Transfoma haijapata hata volti moja tangu Alhamisi. Itaunguaje kwa umeme ambao haujaiona?"

"Basi fyuzi imeungua!" Gasper alipiga meza. "Nilisema imeungua! Mkuu, nilisema!"

"Ulisema transfoma."

"Nilisema imeungua. Ni nini ndani yake, hayo ni mambo madogo."

Mkuu alitikisa kichwa kwa uchovu. "Fyuzi ikiungua, Pelagia, ina maana uliizidishia mzigo. Lawama ni ileile."

Kalamu ya kijani ikashuka mpaka karibu na karatasi. Nje, kutoka stendi, honi ya gari la Kasulu ilipiga mara moja.

"Zimeni jenereta," alisema Pelagia.

Walizima. Alizungusha kifuniko kidogo cha fyuzi kule nyuma. Kiligoma, kikaacha, kikakwaruza. Alikunja uso. Akakitoa. Akachomoa fyuzi, kile kibomba kidogo cha kioo chenye uzi mwembamba ndani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Uzi ulikuwa mzima, unang'aa.

Akagusa ncha zake mbili kwa mita. Mita ikalia: piii.

"Nzima!" Gasper alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. "Fyuzi nzima! Haya, mpimaji wa kambini, umeme umekwama kwenye kitu kizima! Mjomba alisemaje kuhusu hilo?"

Watu waligeuka. Ndivyo walivyo wanafunzi mia tatu: dakika moja nyuma walikuwa wake, sasa wameanza kutazama tranka. Nilitamani kuwadharau, lakini sikuwa na nafasi.

Pelagia alikigeuza kifuniko juu ya kiganja, akakigonga. Zikadondoka punje tatu za mchanga. Alizitazama muda mrefu kuliko punje tatu zinavyostahili. Kisha akachukua pini kwenye kola yake, akaiingiza ndani kabisa ya tundu la fyuzi, akakwangua.

Kikatoka kikaratasi. Cha mviringo, kidogo kama jicho la kifaranga, kimekatwa vizuri kulingana na ncha ya fyuzi.

"Nta kibazo," alisema taratibu, kwa lugha ya kwao. "Hakuna shida. Amplifaya haijaungua. Imezibwa mdomo."

"Karatasi?" alisema Mkuu.

"Umeme haupiti kwenye karatasi, Mkuu. Mtu ameiweka chini, akarudisha fyuzi juu yake. Ukitoa fyuzi ukaipima, ni nzima. Ukitazama, huoni kitu. Aliyefanya hivi ana akili." Akafikiri. "Kidogo."

Mwalimu Asnath alikichukua kikaratasi kwa ncha ya ukucha, akakipeleka dirishani. Akakigeuza. Uso wake ukabadilika.

"Kina wino," alisema.

"Wino gani?"

Mwalimu alimtazama Mkuu. Kisha William akamtazama Mkuu. Kisha macho mia tatu mara mbili yakamtazama Mkuu, na kalamu aliyoshika.

"Wa kijani," alisema Mwalimu Asnath.

*

Sijawahi kumwona Mwalimu Sylvesta akikosa neno. Mwaka jana alihutubia saa mbili na dakika arobaini, wahitimu watatu wakazimia, naye akaendelea kuwapongeza wakiwa chini. Sasa alikuwa anafungua na kufunga mdomo kama sato aliyekosa maji.

"Mimi? Niizibe hotuba yangu mwenyewe?"

"Umeme una siri zake," alinong'ona mtu.

"Karatasi hiyo ni ya ruhusa!" Mkuu alipiga kelele. "Nasaini ruhusa kila siku! Mwanafunzi yeyote anaweza kukata ruhusa yake!"

Na mimi, msomaji, mjinga aliyesomeshwa kwa fedha za wazazi, niliona mwanya nikaupita kifua mbele.

"Kwa hiyo, Mkuu, hatuwezi kumjua," nilisema. "Ni yeyote. Ni siku yoyote. Napendekeza tumsamehe Pelagia, tuisamehe na karatasi, twende tukapambe ukumbi."

"Si siku yoyote," alisema Pelagia.

Alinyoosha kiganja. Zile punje tatu bado zilikuwepo.

"Huu mchanga ulikuwa ndani ya kifuniko. Ndani, Mkuu, si nje. Na kifuniko kilikuwa kimefungwa upande. Mchanga huu umeumwaga wewe leo, saa tatu na robo. Kwa hiyo ulipokuwa unaumwaga, kifuniko kilikuwa wazi. Kuna mtu alikuwa anakifungua, akashtushwa, akakirudisha haraka kabla hajamaliza."

"Lakini ukumbini hapakuwa na mtu," alisema William. "Wote tulikwenda kutafuta maji."

"Wote?" aliuliza Pelagia.

Hakunitazama. Hakuwa na haja. Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimewaeleza watu wa safu ya kwanza, kwa mara ya tatu, jinsi nilivyobaki peke yangu nikapiga magoti nyuma ya amplifaya nikailinda mali ya umma.

Mkuu alinigeukia. Jicho lake lilishuka kutoka kwenye nywele zangu zenye tope mpaka kwenye magoti yangu, ambayo yalikuwa bado meupe kwa vumbi la jukwaa.

"Abdalah," alisema. "Ruhusa niliyokupa Jumanne kwenda kumwona mama yako Kasulu. Nioneshe."

Niliitoa. Nilikuwa na chaguo gani? Ilikuwa na tarehe, ina jina langu, ina mhuri, na pale ambapo pangekuwa na saini ya kijani, kulikuwa na tundu la mviringo. Mwalimu Asnath aliweka kile kikaratasi juu yake. Kikaingia.

"Ego," alisema Pelagia kwa Kiha. Ndiyo. Neno moja tu, na lilinichoma kuliko kidole cha Gasper.

"Washeni jenereta," alisema Mkuu.

Jenereta ikaguruma. Pelagia alirudisha fyuzi, akafunga kifuniko, akabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka. Spika mbili za bati juu ya paa, zile zinazosikika mpaka stendi, zikakohoa, zikavuta pumzi. Mkuu alichukua kipaza sauti, akakigonga mara mbili, kisha akakiweka mkononi mwangu.

"Sema."

"Niseme nini, Mkuu?"

*Niseme nini, Mkuu*, zikarudia spika juu ya paa la Kibondo.

"Kila kitu."

Nikasema. Sikuwa na mpango wowote wa kumuumiza Pelagia. Nilitaka kumfunga Mkuu mdomo kwa siku moja, wahitimu wamalize wakiwa wamesimama. Ningeitoa karatasi Jumapili, amplifaya ifufuke, tumsifu Mungu. Alipokamatwa Pelagia, nilijiambia Gasper atashindwa na mambo yatajifia yenyewe. Siku mbili nilimwona amekaa juu ya tranka. Nilimpelekea chai. Nikadhani chai inatosha.

Na ninyi, wasomaji. Wiki nne nimewaandikia kwamba namtafuta mhalifu. Nimewahoji mpishi, mlinzi na paroko mbele yenu. Mama wa Gwarama, sikubaki ukumbini kwa ushujaa. Nilibaki kutoa karatasi, na sikuwahi. Nimemcheka Gasper kwa kushika waya bila kupima, na mimi sikupima hata mara moja karatasi yangu itamwangukia nani.

Nilipomaliza, Gasper alikuwa ameshakusanya kalamu zake, akaondoka kwa mlango wa nyuma, mita akaisahau mezani. Pelagia aliichukua, akairudisha swichi mahali pa kuzima, kama mtu anayemfumba marehemu macho. Kisha akashuka, akaanza kufungua kamba ya katani kwenye tranka lake. Hakuitupa. Aliizungusha mkononi vizuri, akaniletea.

"Utaihitaji," alisema.

Stendi, honi ya gari la Kasulu ikapiga mara ya pili.

Mkuu alivuta ile barua, akaifungua kifuniko kalamu ya kijani. Pale penye jina palikuwa bado peupe.

"Jina la baba yako," alisema, "linaandikwaje?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikalitaja, herufi moja moja, na spika zikalipeleka mpaka stendi.